Ubao wa Duka, Kapu la Mteja

Katika maduka mengi ya Goma kuna namba moja iliyoandikwa mahali pa kuonekana: taux ya leo, yaani faranga ngapi kwa dola moja. Bei zinatajwa kwa dola, mteja analipa kwa faranga, na noti ya dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha inarudishwa kwa heshima zote. Kila anayeingia anasoma namba ileile. Mwenye duka akiifuta na kuandika nyingine, imebadilika kwa wote kwa mpigo mmoja, na hakuna anayekwenda nyumbani na ubao wake.

Waandishi wa programu za wavuti wana ubao wa namna hiyo, na wanauita statiki. Ndani ya klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea obijekti, data ya kawaida ni mali ya kila obijekti: wateja mia, majina mia. Data iliyotiwa alama ya statiki ni mali ya klasi yenyewe, nayo ni moja tu hata obijekti zifike elfu. Jina lenyewe linapotosha. Anayejua Kifaransa hudhani statiki ni kitu kisichobadilika, kumbe kinachokaa pale pale ni mahali pa kuhifadhia. Thamani iliyomo inaweza kubadilika mara mia kwa sekunde. Neno lilirithiwa kutoka lugha ya C, na warithi, kama kawaida ya warithi, hawakuuliza maswali mengi.

Taux ya leo inafaa kabisa kuwa statiki, kwa sababu ni ya wote. Ubaya unaanza pale kapu la mteja linapotundikwa ukutani pembeni ya ubao. Niliwahi kuandika programu ya duka moja nikaweka “mteja wa sasa” kwenye kigeu cha statiki, kwa kuwa ilinipunguzia kazi ya kumpitisha mteja huyo kutoka kipande kimoja cha programu hadi kingine. Kwenye laptopu yangu ilikwenda vizuri wiki tatu. Bila shaka ingekwenda vizuri: nilikuwa mteja wa sasa, wa jana na wa kesho. Siku ya kwanza dukani, mama mmoja alifungua ukurasa wake akakuta faktiri ya saruji ambayo hakuwa ameinunua.

Mazoea hayo yana chimbuko. Wengi tulijifunza kwa programu za kompyuta moja, zenye mtumiaji mmoja, na humo statiki ni rafiki mwema. Wengine walianza na PHP, ambayo kwa desturi yake hujenga kila kitu upya ombi linapofika na kukibomoa jibu likishatoka. Hata ukikosea kwa statiki, kosa lako linazikwa kabla mgeni wa pili hajabisha hodi. Kisha mtu huyo anahamia Java, ASP.NET au Node, ambako mchakato mmoja unabaki hai na kuwahudumia watu wote, na tabia iliyokuwa haina madhara inageuka uvujaji wa siri. Siku hizi hata PHP si kimbilio: Laravel Octane, iliyotoka mwaka 2021, huiacha programu ikae kwenye kumbukumbu kati ya ombi na ombi.

Wenye tabia hiyo wasijilaumu peke yao. Mnamo tarehe 8 Machi 2021 GitHub, jukwaa la kuhifadhia programu, iliwatoa kwenye akaunti watumiaji wake wote waliokuwa wameingia. Sababu ni kwamba obijekti iliyobeba habari za ombi moja ilitumika tena kwa ombi lililofuata, huku uzi mwingine wa programu, yaani kazi inayokwenda sambamba, bado ukiishikilia. Matokeo yake, mara chache sana, mtu alikabidhiwa kikao cha mwingine. Tarehe 20 Machi 2023 ikawa zamu ya ChatGPT: baadhi ya watumiaji waliona vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Miunganisho ya kwenda Redis, hifadhi ya data ya muda, ilikuwa ya kushirikiana, na ombi lililokatishwa katikati liliacha jibu lake njiani. Ni kama mtu aagize chai, aondoke, na chai iletwe kwa aliyekalia kiti chake. Tofauti ni kwamba chai haina jina lako wala anwani yako.

Kuna kosa la pili, lililo kimya zaidi. Chukua tiketi za boti ya Goma kwenda Bukavu. Nafasi zilizobaki zimewekwa kwenye namba ya statiki, nayo inasema 1. Maombi mawili yanafika pamoja. La kwanza linasoma 1, la pili linasoma 1 kabla la kwanza halijapunguza, na yote mawili yanapata tiketi. Kupunguza moja ni mstari mmoja kwa macho yetu. Kwa mashine ni hatua tatu: soma, punguza, andika. Tangu boti Merdi ilipozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, ikitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, sidhani kama kuna mtu mjini hapa anayemwona abiria mmoja wa ziada kuwa hitilafu ndogo.

Unaweza kutia kufuli, uzi mmoja uingie na mwingine usubiri. Kufuli hilo linalinda seva moja tu. Ukiwa na seva mbili, kila moja ina statiki yake, kama wabadilishaji fedha wa pande mbili za mpaka wa Petite Barrière, na taux zao hazina wajibu wa kufanana. Tena statiki hufa na mchakato wake: umeme ukikatika, imesahau. Hata pasipo umeme kukatika, seva ya wavuti ya IIS ya Microsoft kwa mpangilio wake wa awali huuanzisha mchakato upya kila baada ya saa 29, na huuzima usipopata mgeni kwa dakika 20. Idadi ya nafasi za boti, basi, ikae kwenye hifadhidata, na hifadhidata yenyewe iambiwe ipunguze ikiwa tu zimebaki zaidi ya sifuri.

Hata taux, ambayo nimeisifu, ina mtego wake. Mwaka 2025 faranga ilipopanda ghafla mbele ya dola, namba iliweza kubadilika mteja akiwa bado kaunta. Programu inayousoma ubao upya kwa kila bidhaa itampa faktiri yenye mchele wa taux ya asubuhi na mafuta ya taux ya mchana, na jumla isiyokubaliana na taux yoyote kati ya hizo mbili. Karani mzoefu huandika taux juu ya faktiri kwanza, halafu ndipo anaanza kuzidisha.