Je, Wajua? Mguso Usiokusudiwa

Je, wajua kwamba skrini ya kugusa katika magari mengi mapya haihisi nguvu ya kidole? Huhisi umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, na kidole kikikaribia kioo hubadilisha chaji iliyopo juu yake. Ndiyo maana glavu nene kavu mara nyingi haiitikiwi, ilhali kitambaa kibichi cha kufutia vumbi la Kahama kinaweza kuwasha kitu ambacho dereva hakukitaka. Watengenezaji hupambana na hilo kwa programu: kiganja kizima hukataliwa, na amri nzito hudai kubonyezwa kwa muda.

Mitambo ya migodini ina jibu la zamani zaidi, na mimi naliamini zaidi. Katika ekskaveta, mashine zinazopakia mawe kwenye migodi ya wazi kama ya Geita, kando ya kiti kuna wenzo wa usalama. Ukifungwa, hukata haidroli inayopokea amri za mikono ya kuongozea. Opereta akiigusa kwa kiwiko, au koti likinasa, mtambo hautikisiki. Katika mashine nyingi wenzo huo humzibia njia ya mlangoni mpaka aufunge. Hilo huokoa watu, maana chini kuna wenzake wanaotembea kwa miguu.

Magari madogo nayo yanaelekea huko, kwenye vidhibiti vya kushikika badala ya skrini pekee. Kuanzia 2026, Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, linataka indiketa, taa za dharura, honi, waipa na simu ya dharura viwe na vidhibiti halisi ili gari lipate alama kamili.