Paka asiyependa kubebwa



Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Mpwapwa alinijia nyumbani jioni akiwa na kikapu kilichofunikwa kanga. Nilidhani ameniletea mayai. Alipofunua, nikaona paka mkubwa wa kijivu, uso wa mviringo, macho ya rangi ya shaba, na manyoya mafupi yaliyosongamana hata ukipitisha kidole huioni ngozi. Binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam alipewa paka huyo na wageni waliokuwa wakirudi kwao Ulaya, naye akamleta kwa mama yake.

"Nesi," akaniambia, "paka huyu anaringa. Hataki kubebwa, halii, na tangu juzi hali chakula. Nimpe nusu Panadol?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Paka wa namna hii wametoka Uingereza, ambako hapo zamani walikuwa paka wa kawaida wa mashambani na mitaani, wakila panya kama hawa wetu. Mwaka 1871 Bwana Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London, na tangu hapo watu wakaanza kuwachagua na kuwazalisha kwa mpango. Baada ya Vita Kuu ya Pili walibaki wachache, wakachanganywa na paka wa aina nyingine ili kizazi kisipotee. Dume huweza kufikia kilo 7 na hukua polepole, hata miaka 3 au zaidi kabla ya kukomaa. Manyoya yake mazito ni ya nchi ya baridi na mvua.

Tabia yake ni upole wenye heshima. Hukaa chumba kimoja na watu, lakini si mapajani. Ukimnyanyua hukakamaa, kwani hupenda miguu yake yote minne iwe chini. Hiyo siyo kuringa wala ugonjwa. Watoto wafundishwe kumwacha aje mwenyewe. Paka akibanwa hukwaruza, na mara nyingi mtoto ndiye anayeanza ugomvi.

Hata paka wetu wa kawaida, yule wa mistari anayelala juu ya magunia ya mtama, hatofautiani naye sana katika jambo moja: haonyeshi maumivu. Mbuzi akiumwa hulia. Paka huenda kujificha nyuma ya kilindo au chini ya kitanda, akanyamaza. Kwa hiyo anayemtunza paka mkimya yampasa kujua desturi zake za kila siku: anakula saa ngapi, analala wapi, anajisaidia wapi. Desturi ikibadilika ndipo pana habari. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba, na anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Paka mnene asipokula siku mbili au tatu, mafuta huanza kujaa kwenye ini lake, na hapo kumponya ni kazi ngumu. Na paka anayehema mdomo wazi kama mbwa ni mgonjwa au amezidiwa na joto. Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, mwenye manyoya mazito awekewe maji kivulini na aachwe alale kwenye sakafu ya saruji. Yafaa pia achanwe manyoya mara moja kwa juma.

Sasa habari ya Panadol. Naiandika kwa aibu kidogo. Nilipokuwa nesi kijana nilikuwa na paka jike mwenye madoa, mwindaji hodari. Siku moja akawa na homa, nami nikafikiri kama mwuguzi wa watu: nikaponda nusu kidonge nikamtia kwenye maziwa. Kabla ya kesho yake jioni uso wake ulikuwa umevimba, fizi zimekuwa za rangi ya udongo, anahema kwa taabu. Akafa. Wakati huo sikujua ni kwa nini, nikasema ni ule ugonjwa wake. Baadaye ndipo nilisoma kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hii kama ini la binadamu linavyofanya. Dawa hugeuka sumu, ikaharibu damu isiweze kubeba hewa. Kidonge kimoja huweza kumwua paka mzima, na hata kipande kidogo ni hatari. Aspirini nayo, na dawa nyingine za maumivu tulizo nazo majumbani, tusimpe.

Iko hatari nyingine ya nyumba za wafugaji kama sisi. Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa dhidi ya kupe, hasa zenye permethrini au amitrazi, zisipakwe kwa paka hata kidogo. Anajilamba mwili mzima, na permethrini humtia kutetemeka na degedege. Sumu ya panya nayo humfikia kupitia panya aliyekwisha kuila. Ukiweka sumu ghalani, usitegemee paka kubaki.

Chakula chake kiwe na nyama au samaki. Ugali mtupu hautoshi, kwani paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, ambayo huipata katika nyama, na akiikosa kwa muda mrefu moyo wake na macho yake huharibika. Dagaa wasio na chumvi nyingi wanafaa. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa, ingawa wanayapenda.

Yule mama nilimtuma kwa daktari wa mifugo. Mji huu umezalisha ng'ombe wenye jina lake na una chuo cha mifugo, hatuna sababu ya kumpeleka mnyama kwa nesi. Akakutwa na jino bovu, likang'olewa.

Nikamwuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Akashangaa: "Si mbwa huyu, nesi!" Jina la ugonjwa linatudanganya. Paka huumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akamwambukiza mtu kwa meno, au mate yake yakiingia kwenye mkwaruzo. Hapa tena desturi ni muhimu: paka mpole anayerukia watu ghafla, au mkali anayejipendekeza kwa kila mtu, anayetoa udenda au kushindwa kumeza, msimguse.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu, tazameni saa. Msipake majivu, majani wala mafuta ya taa. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, na mrudi kwa kila tarehe mtakayoandikiwa hata kidonda kikipona. Dalili zikianza, sisi wauguzi hatuna letu isipokuwa kumfariji mgonjwa. Na hata paka mzima akiuma mkono, msidharau tundu dogo: meno yake membamba hupeleka wadudu ndani sana, na kesho yake mkono umevimba. Paka mwenyewe huchanjwa akitimiza miezi 3, kisha mnafuata tarehe za daktari wa mifugo.

Mama akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama ni kweli binti yake akishika mimba paka afukuzwe. Hapana. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, hutoka katika kinyesi cha paka, na kwa kawaida paka huvitoa kwa majuma machache tu maishani mwake. Vikishatoka huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, mama mjamzito asikiguse, avae glovu akipalilia bustani, mchicha uoshwe vizuri, na nyama iive kabisa, maana nyama mbichi nayo huleta vijidudu hivyo hivyo.

"Basi nani atazoa?" akauliza.

Nikamwambia mkwe wake ana mikono miwili.