Fisi, Sungura na Neno "Yet"

Paukwa! Pakawa!

Sungura alipika pilau ya nyama, na Fisi akaisikia harufu yake toka ng'ambo ya mto. Akaja mbio, ulimi nje, akapiga hodi. Sungura ndiyo kwanza alikuwa ametoka shuleni, kichwa kimejaa Kiingereza, akamwekea sharti pale pale mlangoni: humu ndani leo ni Kiingereza kitupu, atakayetoa neno la Kiswahili hali. Fisi akakubali. Fisi hukubali kila sharti ilimradi kuna nyama.

"Have you eaten yet?" Sungura akauliza.

Swali hilo mnalijua, wanangu. Ni lile lile la nyumbani: ushakula? Na jibu Fisi alikuwa nalo, tena tangu juzi: bado. Akapekuapekua kichwani, akakumbuka kwamba aliwahi kuambiwa "bado" kwa Kiingereza ni "still". Akajibu kwa sauti kubwa, "Still!"

Sungura akatikisa masikio. Kwa Kiingereza, "still" ni jambo linaloendelea, ambalo halijakoma. Alichoelewa yeye ni kwamba mgeni angali anakula, pengine tonge liko shavuni. "Oh, you are still eating," akasema kwa adabu, akafunika sufuria.

Fisi akaona mambo yanaharibika. "No, no! Yet! Yet!" Sungura akangoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Akajipakulia sahani yake, akakaa mkekani, akaanza kula.

Tumwache ale, sisi tumtazame Fisi amekwama wapi. "Bado" yetu inafanya kazi mbili. Nikisema "bado anakula", jambo linaendelea. Nikisema "bado hajala", jambo halijaanza. Tena tukilitamka neno hilo peke yake, kila mtu anajua tumekana, ingawa hakuna "si" wala "ha" iliyosikika. Kiingereza cha leo kimezigawa kazi hizo. Jambo linaloendelea hupewa "still": "He is still eating." Jambo linalongojewa hupewa "yet", na kukana lazima kutamkwe waziwazi kwa "not": "He has not eaten yet." Kwa hiyo Fisi alihitaji maneno mawili tu, "Not yet", na sahani ingemfikia.

Kiswahili kina hazina ambayo wengi wetu tunaitumia bila kuiona. Ni ile "-ja-" iliyojificha ndani ya kitenzi. Linganisha "mgeni hakuja" na "mgeni hajaja". Ukisema hakuja, umefunga mlango: siku imepita, chai imwagwe. Ukisema hajaja, mlango uko wazi, mgeni anaweza kutokea wakati wowote. Kiingereza hakina kiungo kama hicho ndani ya kitenzi. Hakuja ni "The guest didn't come." Hajaja ni "The guest hasn't come yet", na hiyo "yet" ya mwisho ndiyo inayobeba matumaini. Ukipata shida kuchagua, isikilize kwanza sentensi yako ya Kiswahili. Ukisikia "-ja-", karibu kila mara "yet" inakufaa.

Mahali pake pa kawaida ni mwishoni mwa sentensi: "I haven't finished my homework yet." Unaweza pia kuiweka mara baada ya "not", "I have not yet finished", ila hapo maneno yanavaa suti kidogo, kama ya barua ya ofisini. Na makazi yake ni sentensi za kukana na za kuuliza. Habari ya kukubali, ile yenye "-mesha-", hupewa "already": nimeshakula, "I have already eaten." Ukisema "I have eaten yet", Mwingereza atakuangalia kama Sungura alivyomwangalia Fisi.

Hata hivyo "already" nayo huingia kwenye swali, na hapo pana utamu. "Have you finished yet?" ni swali la kawaida: umeshamaliza? "Have you finished already?" ni la mtu aliyeshangaa: mara hii umeshamaliza?

Na "still" inaweza kukutana na kukana, lakini inakuja na hasira zake. Uko stendi, basi la saa mbili halionekani. Saa mbili na dakika tano unasema kwa upole, "The bus hasn't come yet." Saa nne, jua la utosi linakaribia na mtoto mgongoni analia, unasema, "The bus still hasn't come!" Yaani mpaka sasa halijaja! Angalia nafasi zake: "still" inatangulia "hasn't", "yet" inangoja mwisho.

Turudi kwa Fisi. Alisimama kando ya mkeka akinung'unika, mpaka Sungura akamwonea huruma na kumnong'oneza sentensi nzima. Fisi akairudia bila kukosea hata herufi: "I haven't eaten yet." Sungura akampongeza, akafunua sufuria. Humo mlikuwa na ukoko.

Msidhani Waingereza wenyewe walizaliwa na mgawanyo huu. Zamani "yet" yao ilifanya kazi zote mbili kama "bado" yetu. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 mtaikuta mahali ambapo leo wangeandika "still". Wamarekani nao wana njia yao. Mwalimu aliyefuata Kiingereza cha Uingereza atataka "Have you eaten yet?", lakini Mmarekani akikuuliza "Did you eat yet?" hajakosea, ndivyo kwao wanavyosema. Kwenye mtihani wa huku, andikeni ile ya kwanza.

Mkiiona "yet" imekaa katikati ya sentensi mbili, mara nyingi baada ya mkato, kama "He is small, yet he is strong", hiyo ni "lakini", wala haina habari na saa.