Mwenye Nyavu Aulizwe Kwanza

Kolekole hahitaji kutambulishwa kwa watu wa mwambao. Ndiye samaki wa kumkaribishia mgeni, awe wa kupaka au wa mchuzi wa nazi, na mvuvi wa mshipi anayemleta mmoja mkubwa pwani hupanda mchanga kifua mbele. Lakini yeyote anayesimama leo katika madiko yetu ya Tanga wakati wa mnada ataona jambo la kusikitisha. Pembeni mwa samaki wakubwa wachache huuzwa mafungu ya visamaki vya urefu wa kiganja. Miongoni mwa visamaki hivyo wamo kolekole wale wale, ila hawa hawakupewa nafasi ya kukua.

Jamii ya kolekole ni kubwa. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 140 katika bahari za dunia, na nyingi kati yake huishi katika maji ya joto kama yetu. Yule mkubwa kuliko wote katika miamba yetu huweza kupita urefu wa mita moja na nusu. Hata hivyo hakui kwa siku moja. Uchunguzi uliofanywa katika visiwa vya Hawaii umeonyesha kwamba samaki huyu huanza kuzaa akiwa na urefu wa sentimita 60 hivi, na hufikia kimo hicho baada ya miaka mitatu au zaidi. Utoto wake huupitisha karibu nasi, katika mikoko, midomo ya mito na majani ya bahari, ambamo hupata chakula na maficho. Akishapevuka ndipo anapotoka kwenda kwenye miamba na maji ya kina.

Hapo ndipo juya, ambalo wengine huliita kokoro, linapofanya uharibifu wake. Juya huzungushwa katika maji mafupi na kukokotwa hadi ufukoni, likisomba kila kilichomo na kung'oa majani yanayowalea samaki. Macho yake ni madogo, basi halibagui mkubwa wala mchanga. Anayekokota juya katika majani ya bahari anavuna shamba ambalo mbegu yake imechipua jana.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, imekwisha kulikataza juya baharini. Tunajua pia kwamba sheria ikisimamiwa huleta matokeo. Milipuko ya baruti, iliyokuwa ikisikika kwa miaka mingi katika mwambao wetu, ilipungua sana baada ya mwaka 2016, wakati vyombo vya dola vilipoamua kushirikiana badala ya kila kimoja kwenda njia yake. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba jambo hili haliwezekani.

Swali letu ni hili: anapokamatwa mkosaji, ni nani anayekamatwa? Mara nyingi ni kijana aliyelowa maji hadi kifuani, aliyeshika kamba ya juya tangu alfajiri. Nyavu huchomwa moto mbele ya umma, picha hupigwa, na kijana hufikishwa mbele ya sheria. Lakini kijana yule hana nyavu. Juya ni mali ya gharama kubwa, na mwenye mali hiyo mara nyingi hakanyagi maji. Yeye hukaa mjini akingoja fungu lake, kwa kuwa katika desturi ya uvuvi wetu mapato hugawanywa, na chombo na nyavu huchukua sehemu yao kabla ya mkokotaji kuona senti yake. Nyavu zikichomwa leo, mwenye uwezo hununua nyingine, na vijana wengine hushika kamba. Adhabu inamwangukia mnyonge, na uharibifu unabaki pale pale.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuuliza ni nani anayemiliki njia za uchumi, na ni nani anayetoa jasho. Swali hilo halijazeeka. Nyavu ni njia ya uchumi kama lilivyo shamba. Tunasema basi kwamba kila juya linalokamatwa lifuatwe hadi kwa mwenyewe, na aliyelinunua ndiye awe wa kwanza kusimama mbele ya hakimu. Akiwa kiongozi, au ndugu wa kiongozi, iwe sababu ya kuharakisha kesi na si ya kuificha.

Lakini haki haina upande mmoja. Mkokotaji wa juya hakuipenda kazi hiyo. Hana chombo cha kumfikisha mbali, na hata angekuwa nacho, barafu iko wapi? Mvuvi anayekesha baharini na kurudi na kolekole wa haki bila barafu hana nguvu ya kupatana. Jua linapanda, samaki analegea, na mwenye sanduku la barafu hutaja bei apendayo. Katika hali hiyo si ajabu wengi kubaki karibu na ufuko. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iwaelekee kwanza vijana wanaokubali kuacha juya na kushika mshipi. Barafu nayo ihesabiwe kuwa zana ya uvuvi sawa na ndoana.

Vikundi vya kulinda rasilimali za uvuvi, vijulikanavyo kama BMU, vinawajua wenye majuya kwa majina, kwa maana mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Vikilindwa dhidi ya vitisho, vitasema. Viongozi wa Chama na Serikali katika kata za pwani hawana budi kusimama navyo hadharani.

Bahari ni amana. Waliotutangulia walituachia kolekole wa kubebwa na watu wawili kwa mti. Tusiwaachie watoto wetu wa kujaza kiganja, kisha tukawafunga kwa kumvua.