Korongo Hawaleti Viwavijeshi

Mvua za kwanza zinapotulia katika tambarare za Lalago, wilayani Maswa, wataalamu wa wadudu huulizwa swali lile lile waliloulizwa msimu uliotangulia na ule wa kabla yake: je, korongo weupe wanaotua mashambani ndio wanaoleta viwavijeshi? Jibu ni hapana, na linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wanaolikataa huwafukuza ndege wasio na hatia huku mahindi na mtama vikiendelea kuliwa.

Korongo mweupe ni ndege wa kuhama anayezaliana Ulaya, na huondoka huko kati ya Agosti na Septemba, wakati baridi inapokaribia na wadudu wanapopungua. Kwa kuwa mwili wake ni mzito, huruka mchana akiegemea mikondo ya hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa mikondo hiyo ni hafifu juu ya bahari, makundi yanayokuja Afrika Mashariki huizunguka Bahari ya Mediterania, yakipitia mlango-bahari wa Bosporasi nchini Uturuki, kisha rasi ya Sinai, na hatimaye kulifuata bonde la Nile kuelekea kusini. Mwaka 1822 korongo mmoja alionekana kaskazini mwa Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni, na ndege huyo, ambaye bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, aliwasaidia wasomi wa Ulaya kuachana na dhana kwamba ndege hujificha chini ya maji wakati wa baridi.

Anayedai kwamba ndege huyu hubeba viwavi kutoka atokako hana budi kueleza anawatoa wapi, kwa maana kiwavijeshi wa asili, anayejulikana kitaalamu kama Spodoptera exempta, ni mdudu wa Afrika kusini mwa Sahara na wa baadhi ya sehemu za Uarabuni, Asia na Pasifiki, na hazaliani katika mashamba ya Ulaya ambako korongo mweupe hulea makinda yake. Wapo wanaojitetea kwa kumtaja korongo mwingine, mdogo zaidi, mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, ambaye huzaliana katika ukanda wa Sahel na kuvuka ikweta katika miezi hiyo hiyo. Lakini utetezi huo nao hausimami, kwa kuwa kiwavi akishamezwa na ndege husagwa tumboni, na kinachotapikwa ni vidonge vya mabaki magumu ya wadudu, ambamo hakuna kiwavi anayeweza kutoka hai.

Hoja inayoumaliza mjadala, na ambayo inasikitisha kuona ikipuuzwa mwaka baada ya mwaka, ni ya kalenda. Nondo jike, yaani mdudu mzima mwenye mbawa ambaye watoto wake ndio viwavi, hutaga mayai yake usiku, kwa mafungu ya mamia, na mayai hayo huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Kiwavi hupitia hatua sita za ukuaji katika muda wa wiki mbili hadi tatu. Katika hatua za mwanzo ni mdogo, wa kijani, aliyejificha katikati ya majani kiasi kwamba mkulima anaweza kupita shambani asubuhi na jioni asimwone. Wanaposongamana hubadilika rangi na kuwa weusi, hujitokeza mchana, na katika hatua ya mwisho hula kwa pupa kuliko hatua zote zilizotangulia zikijumlishwa. Ni wakati huo ndipo shamba lililoonekana zima jana huonekana limefyekwa leo, na ni wakati huo huo ndipo korongo huwaona kutoka angani na kushuka. Kwa hiyo mayai yaliyowatoa viwavi wale yalitagwa wiki mbili au zaidi kabla ya korongo kutua, na kumtuhumu ndege aliyefika mwisho ni kumshtaki mzima moto kwa kuiwasha nyumba.

Wageni wenyewe waliofika usiku bila kuonekana ni nondo. Uchunguzi wa rada uliofanyika Kenya umeonyesha kwamba nondo hawa huinuka jioni hadi mamia ya mita juu ya ardhi na kusafiri wakifuata upepo, wakiweza kuvuka mamia ya kilomita kwa usiku kadhaa. Wanapokutana na dhoruba ya mvua, pepo zinazokusanyika kuizunguka huwarundika mahali pamoja, nao hutaga kwenye nyasi changa zinazochipua. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayowalisha kumbikumbi, panzi na viwavi wanaomvuta korongo. Ndege na nondo, kila mmoja kwa njia yake, huifuata mvua, na kukutana kwao Lalago si ushahidi kwamba mmoja alimbeba mwenzake. Dhana kwamba viwavi hunyesha kutoka mawinguni nayo iachwe, ingawa angalau ilikaribia ukweli kuliko ile ya korongo.

Madhara ya uzushi huu ni makubwa. Kuwategea korongo sumu ni kuwaua walaji wa viwavi, na sumu hiyo huwafikia mbwa, kuku na watoto. Ni kweli kwamba ndege peke yao hawawezi kulimaliza jeshi la mamilioni, lakini wana faida moja ambayo mkulima huipoteza kwa kuwafukuza: kukusanyika kwao ni ishara kwamba mara nyingi viwavi wamekwisha kukomaa, na wakati wa kupulizia dawa umepita.

Hatua za kuchukua ni hizi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza shamba na malisho vikaguliwe kila baada ya siku chache, hasa alfajiri na jioni. Mitego ya feromoni, yaani harufu ya jike inayowavuta nondo dume, hutoa tahadhari mapema zaidi. Viwavi wakiwa na urefu usiozidi sentimita 1, kitumike kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kwa maelekezo ya afisa ugani. Wakifikia sentimita 3 wanakaribia kuingia ardhini kuwa pupa, na kupulizia ni kupoteza fedha. Pamba, dengu, choroko na alizeti hazimo hatarini, kwa kuwa mdudu huyu hula jamii ya nyasi na nafaka. Majivu na mchanga kwenye kiini cha mhindi ni mbinu ya kukabiliana na kiwavijeshi vamizi, mdudu mwingine aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2017, na haifai kitu mbele ya jeshi linalotembea. Ng'ombe waondolewe kwenye malisho yaliyovamiwa au kupuliziwa dawa, kwa sababu mifugo imewahi kufa baada ya kulishwa katika maeneo ya namna hiyo, na wasirudishwe mpaka afisa mifugo aruhusu.