Mikutano ya Video na Mgonjwa wa Kisiwani: Funzo la Kampuni Iliyopaa na Kushuka

Kisiwa cha Bwejuu, katika Wilaya ya Mafia, kimo baina ya kisiwa kikuu cha Mafia na delta ya Mto Rufiji. Msomaji asikichanganye na Bwejuu ya Unguja. Mgonjwa wa huko anayehitaji hospitali ya wilaya hana budi kuvuka maji hadi Kilindoni, na akipewa rufaa zaidi ya hapo huvuka tena kwenda Bara kwa chombo au kwa ndege. Safari hiyo hutegemea kujaa na kupwa kwa maji, upepo wa kusi au wa kaskazi, na nauli iliyopo mfukoni. Kwa mtu kama huyo, kuonana na mtaalamu kwa njia ya video si anasa. Lakini je, teknolojia hiyo inaaminika kiasi gani, na nani anayeimiliki? Historia ya kampuni ya Hopin, iliyoanzishwa London mwaka 2019, inatusaidia kulijibu swali hilo.

Chimbuko lake lilikuwa maradhi

Mwanzilishi wa Hopin, Johnny Boufarhat, ameeleza hadharani kwamba maradhi ya kinga ya mwili yalimweka ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Akiwa katika hali hiyo alitamani kuhudhuria makongamano na kukutana na watu bila kutoka, ndipo akabuni programu ya kufanyia mikutano mikubwa mtandaoni. Haikuwa simu ya video tu. Ilikuwa mithili ya ukumbi mzima: jukwaa kuu la hotuba, vyumba vya majadiliano, mabanda ya maonyesho, na mahali ambapo wahudhuriaji wasiojuana wangeweza kukutanishwa wawili wawili.

Kazi kama hiyo ilikuwa imerahisishwa na maendeleo yaliyoitangulia. Mwaka 2011 kampuni ya Google iliweka wazi kwa umma teknolojia iitwayo WebRTC, inayowezesha vivinjari vya kawaida kupeleka sauti na picha moja kwa moja bila kusakinisha programu ya ziada. Tangu hapo, kikundi kidogo cha wahandisi kingeweza kujenga kitu ambacho zamani kilihitaji kampuni kubwa ya simu.

Kupaa na kushuka

Mnamo Februari 2020 Hopin ilipata mtaji wa dola za Marekani milioni 6.5. Wiki chache baadaye, tarehe 11 Machi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia. Kumbi zilifungwa, safari zikasimama, na kila mwenye kongamano akatafuta ukumbi wa mtandaoni. Kufikia Novemba 2020 kampuni ilithaminiwa kwa dola bilioni 2.1. Januari 2021 iliinunua StreamYard, programu ya kurushia matangazo mubashara, kwa dola milioni 250. Agosti 2021 thamani yake ilifika dola bilioni 7.75. Makampuni machache barani Ulaya yamewahi kukua kwa kasi hiyo.

Kisha milango ya kumbi ikafunguliwa. Watu walirudi kwenye mikutano ya ana kwa ana, na mahitaji yakapungua. Februari 2022 Hopin iliwaachisha kazi wafanyakazi 138, na Julai mwaka huohuo wengine 242. Agosti 2023 shughuli yake ya mikutano, ile iliyoipa jina, iliuzwa kwa kampuni ya Marekani ya RingCentral kwa sehemu ndogo mno ya thamani ya awali, na mwanzilishi akaacha uongozi.

Sababu ya kupaa ndiyo ileile ya kushuka. Wateja wengi walikuwa watu waliozuiwa kusafiri kwa muda. Kizuizi kilipoondoka, nao waliondoka. Ila wapo ambao kizuizi chao hakikuondoka: mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, mama mwenye mtoto mchanga katika msimu wa kusi kali, mhudumu aliye peke yake kisiwani. Hao ndio wenye haja ya kudumu, lakini si wao walioyavutia mabilioni ya wawekezaji. Kwa hiyo utajiri wa kampuni usichukuliwe kuwa kipimo cha manufaa ya teknolojia, wala anguko lake lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba teknolojia haifai.

Mfano uliokua polepole

Mwaka 2003, muda mrefu kabla ya Hopin, daktari Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mpango uitwao Project ECHO. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walisafiri mbali mno kumfikia, au hawakufika kabisa. Badala ya kuwaita wagonjwa, aliwakutanisha kwa video wahudumu wa vituo vya vijijini na magerezani, wakajadili wagonjwa wao pamoja na mabingwa kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: kati ya wagonjwa 407, waliopona katika vituo hivyo walikuwa asilimia 58.2, na waliopona katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5. Mhudumu wa pembezoni, akisaidiwa ipasavyo, alitibu sawa na bingwa.

Mpango huo haukuhitaji mabanda ya maonyesho wala picha za kung'aa. Ulihitaji ratiba isiyovunjwa, maelezo mazuri ya mgonjwa, na watu wanaoaminiana.

Hesabu ya mtandao dhaifu

Picha ya video ya ubora wa wastani hutumia takriban megabiti 1 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni megabaiti 450, kwa upande mmoja tu wa mazungumzo. Sauti peke yake hutosheka na kilobiti 32 kwa sekunde, yaani megabaiti 14.4 kwa saa. Kwa kifurushi kilekile, basi, mhudumu anaweza kuzungumza kwa sauti zaidi ya mara 30 ya muda wa video.

Tena, matangazo mubashara na mazungumzo si kitu kimoja. Matangazo hukatwa vipande vya sekunde kadhaa kabla ya kurushwa, hivyo humfikia mtazamaji yakiwa yamechelewa. Hilo halidhuru katika somo la kusikiliza. Katika ushauri wa mgonjwa, ambapo watu huulizana na kujibizana, linavuruga.

Kwa sababu hizo, mhudumu aliye kisiwani azingatie mambo haya:

1. Aandike kwanza umri, dalili, muda wa ugonjwa, joto, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, shinikizo la damu na dawa zilizotolewa. Mtandao ukikatika, maandishi yatabaki.
2. Atumie sauti kwa mazungumzo, na picha tulivu kwa kidonda au upele. Video aiweke akiba kwa yale yanayohitaji kuonekana yakitendeka, kama vile namna mtoto anavyovuta pumzi.
3. Somo lililorekodiwa alipakue mahali penye mtandao mzuri, alitazame baadaye.
4. Awe na njia ya pili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Namba ya simu ya kawaida ya hospitali ya wilaya ibandikwe ukutani.

Siri ya mgonjwa na dharura

Shughuli za kampuni zikiuzwa, kumbukumbu za watumiaji zaweza kuhamia kwa mmiliki mpya. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: nani ananiona, je, mazungumzo yanarekodiwa, na rekodi itawekwa wapi? Mhudumu aombe ridhaa kabla ya kuwasha kamera, na asitaje jina la mgonjwa katika mkutano wenye watu wengi.

Aidha, video isimchelewesha mgonjwa wa dharura. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto mwenye degedege au anayeshindwa kupumua, na mtu aliyepoteza fahamu, wote wanahitaji huduma ya kwanza na chombo cha kuwavusha. Simu ipigwe Kilindoni wakati chombo kinatayarishwa, ili wapokeaji wajiandae. Ushauri uendelee njiani ikiwa mawimbi ya simu yapo.

Makampuni ya mikutano ya video yataendelea kuibuka, kuuzana na kubadili majina. Kituo cha afya kisijifunge kwa jina la mojawapo. Kijenge yale yasiyouzwa: uhusiano wa kudumu na wataalamu wa wilaya na wa rufaa, mazoea ya kuandika vizuri habari za mgonjwa, na mpango wa usafiri unaojulikana na kijiji kizima. Vikiwapo hivyo, programu yoyote itafaa, na hata ikikosekana mgonjwa atahudumiwa.