Je, Wajua? Kibaba Kina Hesabu Yake

Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kikishajaa, je?

Kabla ya kilo na lita kuenea, watu wa pwani walipima nafaka kwa ujazo:

• Vibaba 2 = kisaga 1
• Visaga 2 = pishi 1
• Kwa hiyo, pishi 1 = vibaba 4

Ukiwa na pishi 2 na kisaga 1 cha mchele, una vibaba vingapi? Pishi zinatoa 8, kisaga kinaongeza 2: jumla vibaba 10.

Hesabu hii bado ina kazi. Zaka ya Fitri hutajwa kuwa pishi moja ya chakula kwa kila mtu, yaani vibaba vinne. Nyumba yenye watu 6 itatoa vibaba 24.

Tahadhari jikoni: ujazo si uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo 1, ilhali lita moja ya unga wa ngano haifikii kilo. Hata namna ya kujaza hubadilisha kipimo: unga ulioshindiliwa kikombeni huwa mwingi kuliko uliomiminwa taratibu.